Ovaholi au ukarabati mkuu: maana yake kwa mnunuzi wa ndege iliyotumika

Fundi wa malori wa Kasulu mjini akisema injini imefanyiwa ovaholi, anaeleweka: ameishusha, ameifungua, amebadilisha ringi, beringi na gasketi, pengine silinda zimechongwa, kisha ameirudisha. Neno hilohilo likiwa kwenye tangazo la Cessna ya mwaka 1978 lina maana nyingine. Asiyeijua anaweza kulipa bei ya ndege akabaki na mzigo wa kuutafutia vipuri.

Kwa ovaholi hiyo magazeti yetu huandika "matengenezo makubwa". Yakisema ndege iko kwenye matengenezo makubwa, msomaji hawezi kujua kama ni ukaguzi wa muda uliopangwa, ni bawa lililogongwa, au ni injini iliyofunguliwa yote. Napendekeza tuseme ukarabati mkuu, na tulifunge neno hilo kwenye maana moja: injini, au propela, imefumuliwa yote, kila kipande kimesafishwa, kimekaguliwa na kupimwa kwa mwongozo wa mtengenezaji, kilichochakaa kimebadilishwa, imeunganishwa upya, imejaribiwa, na mwenye leseni ameweka saini. Pasipo saini hiyo kazi haihesabiki, hata kama fundi alikuwa hodari kuliko wote.

Hata ndani ya maana hiyo pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mwongozo una vipimo vya aina mbili: vipimo vya kipande kipya, na vipimo vya mwisho ambavyo kipande kilichotumika bado kinaruhusiwa kurudishwa. Injini mbili zinaweza kuwa zimefanyiwa ukarabati mkuu kihalali, moja kwa vipimo vya upya, nyingine vipande vyake vikiwa vimebakiza kidogo tu kuvuka mpaka. Uliza injini unayouziwa ilifuata vipimo vipi. Pia usichanganye na injini iliyoundwa upya kiwandani. Kwa sheria za Marekani, ni mtengenezaji mwenyewe au wakala aliyemwidhinisha tu anayeweza kuipa injini ya zamani daftari jipya linaloanza na saa sifuri. Karakana nyingine yoyote huendeleza daftari la zamani.

Istilahi ya pili inayokwenda na hii ni ukomo wa saa, yaani saa ambazo mtengenezaji anashauri injini iruke kabla ya ukarabati mkuu mwingine. Injini ya Continental IO-520 iliyofungwa kwenye Cessna 206 nyingi za zamani ina ukomo wa saa 1,700. Injini ya Lycoming ya 206 zilizotoka tangu 1998 ina saa 2,000. Kwa hiyo 206 ya zamani yenye saa 1,500 tangu ukarabati mkuu imebakiza 200, na ikiruka saa 20 kwa mwezi ni miezi kumi. Kwa ndege ya biashara, kinachoamua ni programu ya matengenezo iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Watu wengi hudhani saa chache ni sifa. Si mara zote. Ukomo una miaka pia: Continental na Lycoming hutaja miaka 12, hata kama injini haikuruka sana. Injini iliyolala huota kutu ndani. Katika Lycoming nyingi kemshafti iko juu, oili yote huchuruzika chini, na unyevu wa masika huingia. Ndege iliyoruka kila wiki na kubadilishiwa oili kwa wakati naiamini zaidi kuliko iliyokaa miaka sita chini ya turubai.

Kwa nini haya yawahusu watu wa Kasulu na Kibondo? Kwa sababu ndege ndogo zimetua kwenye viwanja vya udongo vya huku kwa miaka mingi, na hospitali, kanisa au kampuni inaweza kufikiria kununua ya kwake. Mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inafanya kazi nzito, na changarawe hung'ata ncha za propela. Magneto, kifaa kinachotoa cheche za plagi, ikifa hapa, Dodoma iko kama kilomita 650 na Dar es Salaam zaidi ya 1,000. Ndege italala mpaka kipuri na fundi mwenye leseni wafike. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, karakana za ndege za uwanja wa Wilson, Nairobi, zilikuwa ng'ambo ya pili ya mpaka huo. Umbali wa kipuri haupimwi kwa kilomita peke yake.

Na kipuri cha ndege ni chuma pamoja na karatasi yake. Spea ya lori unainunua dukani ukaifunga. Ya ndege lazima ije na hati inayoonyesha ilitoka wapi na nani aliithibitisha. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya Partnair ya Norway ilianguka baharini ikielekea Hamburg, watu wote 55 wakafa. Uchunguzi ulikuta bolti bandia zisizofikia kiwango zimeshikilia mkia.

Aina ya ndege nayo ina uzito. Cessna ilisimamisha kutengeneza ndege za injini moja ya pistoni mwaka 1986. Cessna 206 ilirudi, Cessna 210 haikurudi. Mwaka 2019 bawa la 210 moja lilikatika angani karibu na Mount Isa, Australia, na mwaka uliofuata ukaja ukaguzi wa lazima wa mhimili wa mabawa. Kwa barabara zetu za anga ningechagua 206 bila kusita.

Siku ya kukagua, nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Mwambie akate chujio la oili, akunjue karatasi yake kwenye sinia chini ya mwanga, apitishe sumaku. Vumbi kidogo la chuma huchukuliwa kuwa la kawaida tu pale mwongozo unapolitaja; vipande vinavyoonekana kwa macho vinadai maelezo, na alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo atazame pia kwa macho. Apime mgandamizo wa kila silinda, asikilize hewa inatokea wapi: kwenye ekzosti ni vali, kwenye mdomo wa oili ni ringi. Kisha soma namba kwenye kibao cha injini, uilinganishe na daftari, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Muuzaji akikwambia daftari limepotea, ihesabu injini hiyo kuwa imefika ukomo, ondoa gharama yote ya ukarabati mkuu kwenye bei, na akikataa, acha ndege yake.