Sufu Iliyoshindwa Njoro

Kondoo wetu wa huku Ariwara wana nywele fupi tu, wala hawana sufu ya kufuma blanketi. Basi mtu huuliza: mbona tusilete wale wa sufu? Huko Kenya jambo hilo lilijaribiwa zamani, tena na tajiri.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa eka 100,000 huko Njoro. Akaagiza kondoo wa merino toka New Zealand, na madume toka Uingereza ili wapande majike ya Wamasai. Majani yalikuwa mengi na mabichi. Lakini kondoo walikonda, wakafa kwa mamia: udongo ule ulikosa madini yanayowatia wanyama nguvu. Wamasai, wenye macho ya wachungaji, hawakupenda kulisha hapo. Sijui kama kuna aliyewauliza.

Na yule kondoo mwekundu wa Wamasai, asiye na sufu? Wataalamu wameona kwamba hustahimili minyoo ya tumbo kuliko dorper wa Afrika Kusini. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 madume ya dorper yalienezwa Kenya kwa msaada wa serikali, damu ikachanganyika ovyo, na leo kondoo mwekundu halisi ni wa kutafutwa.