Pasheni na Jamaa Zake: Jina Liishie Wapi?

Kilosa inafahamika kwa mkonge, na neno hilo lina historia inayomhusu kila mfasiri. Mkonge ulikuwapo katika Kiswahili kabla ya mmea tunaoufikiria leo. Lilikuwa jina la mmea wa kienyeji wa jenasi Sansevieria, wenye nyuzi za kusokota kamba. Richard Hindorf alipoleta mmea wa Amerika mwaka 1893, jina likahamia kwa mgeni. Hapakuwa na hasara, maana yote miwili hutoa nyuzi.

Je, pasheni nayo itandazwe vivyo hivyo? Pasheni, au karakara, ndiyo Passiflora edulis, mmea wa Amerika ya Kusini uliopewa jina hilo na Sims mwaka 1818. Jenasi ilikwisha kutajwa na Linnaeus mwaka 1753. Wamisionari walidai kuona katika ua lake mateso ya Kristo: misumari mitatu, na taji la miiba katika nyuzi zinazolizunguka. Kwetu maana hiyo imebaki njiani. Pasheni ni tunda na maji yake basi.

Jamaa yake wa karibu, Passiflora foetida, naye ni mgeni. Majani yake yakipondwa hunuka, na tunda lake dogo limezungukwa na wavu wa vijani vinavyonata. Likiiva huliwa. Huyu kumwita pasheni-mwitu hakuna ubaya.

Shida ni Adenia, jenasi ya kwetu hasa, iliyomo katika familia hiyo hiyo. Nayo hutambaa na kujishikiza kwa vikono, na mfasiri mwenye haraka ataiandika pasheni-mwitu pia. Lakini Adenia volkensii, ambayo Wakamba huiita kiliambiti, ilitumiwa kuulia fisi. Sumu yake yafanana na ile ya mbegu za mbarika. Mwanafunzi wa Mikumi aliyekwisha kusoma kwamba pasheni-mwitu huliwa atajuaje?

Macho yaweza kumsaidia. Maua ya Adenia ni madogo, ya kijanikijani, hayana taji la kupendeza. Tunda lake likikomaa hupasuka vipande vitatu, ilhali la pasheni halipasuki. Istilahi nayo haina budi kufuata mpasuko huo. Kwa maoni yangu, pasheni ibaki kwa Passiflora peke yake. Jenasi ya pili iitwe adenia, katika ngeli ya I-/ZI-, na majina ya wenyeji yaandikwe kando ya kila spishi, pamoja na neno “sumu” panapostahili.