Rusumo, Lango la Maji Yetu

Mtu wa Mwanza anayetaka kuijua historia ya ziwa lake asiishie mwalo wa Kirumba. Apite Geita, ashike barabara ya Lusahunga, ateremke Ngara hadi mpakani. Hapo Rusumo, muda mfupi baada ya Ruvubu kukutana na Nyabarongo, Mto Kagera hubanwa na miamba na kuporomoka kama mita 15. Yapo maporomoko makubwa zaidi Afrika. Lakini Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na linalopita Rusumo, liwe neema au balaa, lina njia ya kutufikia.

Kabla ya wakoloni mto uliitenga Gisaka, upande wa Rwanda, na nchi za Wahangaza na Washubi, ambazo leo ni Ngara. Speke, msafiri Mwingereza aliyeliona ziwa akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alipita mbali na Rusumo: safari yake ya pili aliuvuka Kagera huko Karagwe, akafika Jinja, mahali Nile inapotokea, tarehe 28 Julai 1862. Aliyepita Rusumo ni Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen. Alivuka Mei 1894, na mwezi haukuisha kabla hajaonana na Mwami Rwabugiri wa Rwanda. Ndiye huyo huyo aliyekuwa gavana wa koloni la Kijerumani huku kwetu wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwatoa Wajerumani Rwanda, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mto ukawa mpaka wa watawala wawili wageni, Mbelgiji ng'ambo na Mwingereza huku.

Miaka 100 baada ya Götzen, Rusumo ilishuhudia jambo ambalo kila anayeandika historia ya ziwa hili anapaswa kulitaja bila kupunguza. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja kuingia Tanzania. Chini yao maiti za waliochinjwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi zilikuwa zikiporomoka na maji. Mto ulizichukua mpaka ziwani. Wavuvi wa Kasensero, Uganda, wakaanza kuopoa na kuzika watu wasiowajua, na hadi leo makaburi ya pamoja yapo kwenye fukwe zile. Samaki wakakosa walaji. Huku kwetu, Benaco, mahali palipokuwa pori la Ngara, pakawa kambi ya wakimbizi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Kanda ya Ziwa. Miti ikaisha kwa kuni, na wenyeji wakagawana visima na wageni. Desemba 1996 mamia ya maelfu walirudishwa kwao kwa barabara ile ile, daraja lile lile.

Mto huo huo ulituletea magugumaji. Kutoka Rwanda yalishuka na Kagera, yakaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha yakaenea mpaka Ghuba ya Mwanza, yakaziba mialo na kukwamisha mitumbwi. Mvuvi anayeyang'oa Mwanza anamaliza kazi iliyoanzia milima ya watu wengine, na hilo ni dhuluma tusiyoisema vya kutosha.

Kwamba mto huu unaziunganisha nchi jirani, viongozi waliliona mapema, hata kabla ya magugumaji. Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa Bonde la Kagera, na zilikutana Rusumo penyewe; Uganda ikajiunga 1981. Lakini ndoto ya kupata umeme kwenye maporomoko ilichukua miaka mingi mno. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa kubwa, ambalo lingefunika mashamba na maeneo oevu yaliyo juu ya maporomoko. Ukapunguzwa, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanywa pale. Tarehe 6 Aprili 2016 Marais Magufuli na Kagame walifungua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, malori ya Kigali yakaacha kupishana moja moja juu ya daraja jembamba la zamani. Kisha ikajengwa mitambo ya megawati 80, ambayo umeme wake hugawanywa sawa kwa nchi tatu za mwanzo. Fungu la Tanzania husafiri kwa laini ya kilovolti 220 mpaka Nyakanazi, na kutoka hapo laini ya gridi huendelea Geita, jirani wa Mwanza.