Kioo cha basi na majani ya mbuyu: Jinsi ya kushughulikia uangavu wa picha katika gemu

BASI litokalo Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya hupita Ruaha Mbuyuni, Wilaya ya Kilolo, mara baada ya kuuacha Mkoa wa Morogoro na kabla ya kuanza kuupanda Mlima Kitonga. Hapo abiria huona vitu viwili ambavyo jicho huvizoea upesi, lakini humsumbua sana anayebuni picha za michezo ya kompyuta: kioo cha basi na matawi ya mbuyu.

Vitu hivyo viwili vina jambo moja la pamoja. Mtazamaji huona kilicho nyuma yake. Kioo hupitisha mwanga kikiwa na rangi kidogo, na mbuyu huacha mianya ya anga kati ya jani na jani. Hali hiyo ndiyo huitwa uangavu wa picha, na ndiyo huharibu kazi nyingi za vijana wanaobadilisha mwonekano wa gemu.

Kazi hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Mchezo wa Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia, humruhusu mchezaji kulivalisha basi picha aliyoichora mwenyewe, maarufu kwa jina la skini. Wapenzi wa mchezo huo nchini Tanzania na Kenya wameutumia kuyapa mabasi ya gemu rangi na maandishi ya mabasi wanayoyaona katika barabara zao. Kwa wengi wao, mafanikio ni kuona barabara ya nyumbani ndani ya simu. Kioo kikigeuka ubao mweupe, safari yote hupoteza ladha.

Namba ya nne

Picha ya kompyuta imeundwa kwa vidoto vidogo viitwavyo pikseli. Kwa kawaida kila pikseli hubeba namba tatu, kuanzia 0 hadi 255: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu. Picha yenye uangavu huongeza namba ya nne, iitwayo alfa. Alfa ikiwa 0, pikseli haionekani kabisa. Ikiwa 255, huziba kila kilicho nyuma yake. Kati ya hapo ndipo kilipo kioo chenye giza. Pikseli nyeusi yenye alfa ya 128, ikiwekwa juu ya ukuta mweupe, hutoa kijivu cha katikati.

Wazo la alfa lilianzishwa na Alvy Ray Smith na Ed Catmull nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984, Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni za hesabu za kuweka picha moja juu ya nyingine, na kanuni hizo zingali zikitumika hadi leo.

Aina ya faili

Si kila aina ya faili huihifadhi namba hiyo. JPEG haina alfa kabisa. Picha ikihifadhiwa humo, sehemu iliyokuwa wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe. GIF huruhusu rangi zisizozidi 256, na pikseli huwa wazi kabisa au imeziba kabisa. PNG, iliyotangazwa rasmi mwaka 1996, hubeba viwango vyote vya alfa, na ndiyo maana hutumika sana kwa skini.

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua sababu. Skini ya PNG ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hugeuzwa kuwa JPEG na uangavu wake hupotea njiani. Mpokeaji hudhani mchoraji hajui kazi. Njia salama ni kuituma kama hati, au kuifunga kwanza ndani ya faili la zip.

Gemu ndiyo huamua

Kuwa na alfa ndani ya picha hakutoshi. Programu ya gemu ndiyo huamua namba hiyo itumiweje, na kwa kawaida kuna njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni ya kukata. Gemu huweka kikomo, tuseme 128. Pikseli iliyo chini ya hapo hutupwa, na iliyo juu huchorwa nzima. Njia hii hufaa kwa majani, nyavu na nyaya za uzio, wala haiitwishi simu mzigo mkubwa.

Njia ya pili ni ya kuchanganya, ambapo rangi ya mbele na ya nyuma huunganishwa kwa kadiri ya alfa. Hii ndiyo ya kioo na moshi. Sharti lake ni kwamba vitu vya mbali vichorwe kwanza na vya karibu vifuate. Utaratibu huo ukivurugika, abiria au viti vilivyo nyuma ya kioo hutoweka ghafla.

Aidha, zipo gemu zinazoitumia alfa kwa shughuli nyingine kabisa, kama vile kupima mng'ao wa bati. Anayeifuta alfa hiyo akidhani anafungua dirisha huishia kupata basi lisilong'aa. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kulifungua faili la asili katika programu kama GIMP, ambayo hutolewa bure, na kuona alfa yake imepangwaje kabla ya kugusa chochote.

Ukingo mweupe

Kasoro inayojulikana zaidi ni utepe mweupe unaozunguka majani au maandishi. Chanzo chake ni kwamba pikseli isiyoonekana bado ina rangi. Gemu inapoikuza au kuipunguza picha, huchanganya pikseli zilizo jirani, na weupe uliofichika chini ya alfa ya 0 huvujia ukingoni.

Tiba yake ni kuitandaza rangi ya jani hadi nje ya mpaka wake, chini ya sehemu iliyo wazi, kisha kuiacha alfa peke yake ikate umbo. Katika GIMP, wakati wa kutoa PNG, kuna chaguo la kuhifadhi rangi za pikseli zisizoonekana. Lisipowashwa, kazi hiyo inaweza kupotea.

Kasoro nyingine hujitokeza kwa mbali. Gemu hutengeneza nakala ndogo za picha kwa ajili ya vitu vilivyo mbali, na katika kuzipunguza, alfa ya majani membamba hushuka chini ya kikomo. Mbuyu uliostawi ukiwa karibu hukonda kila basi linavyousogelea upeo wa macho. Kuongeza kidogo alfa katika nakala hizo ndogo huurudishia mti umbo lake.

Uzito wa faili

Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 yenye namba nne huchukua megabaiti 4 za kumbukumbu inapokuwa haijabanwa. Katika kompyuta, mfumo wa DDS wa Microsoft huibana: aina ya DXT5 huifikisha megabaiti 1 na kulinda viwango vya alfa, na DXT1 huifikisha nusu megabaiti lakini huacha alfa ya ndiyo au hapana tu. Hivyo DXT1 huweza kutosha kwa mbuyu, ilhali kioo huhitaji DXT5.

Hesabu hiyo ina uzito kwa mwenye simu ya bei nafuu na bando dogo. Tabaka nyingi za uangavu zikipandana, simu hulazimika kuchora sehemu ileile mara kadhaa; hupata joto na mchezo hukwama. Busara ni kuuweka uangavu pale tu unapohitajika.

Haki ya mwenye kazi

Suala la mwisho ni la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi za sanaa, na nembo za kampuni za mabasi zina wenyewe. Kadhalika skini ya kijana mwingine ni jasho lake. Anayeitumia anapaswa kuomba ruhusa na kumtaja aliyeichora, na anayeuza michoro yenye nembo ya kampuni ana sababu kubwa zaidi ya kupata idhini kwanza.

Kabla ya kuisambaza kazi, inafaa kuijaribu kwenye simu zaidi ya moja, mchana na usiku wa gemu, karibu na mbali, na kuitunza nakala ya faili la asili. Kasoro nyingi za uangavu hazionekani mezani kwa mchoraji. Hujitokeza basi likiwa tayari barabarani.