Jipu Sio Damu Chafu: Historia Fupi ya Vita vya Ngozi

Hapa kambini, maji yakiwa ya shida tunaona watoto wengi wenye majipu, na upele uliokunwa mpaka ukatunga usaha. Mitaani wanasema "ni damu chafu inatoka, iache." Historia inasema kingine.

Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston wa mji wa Aberdeen, alichukua usaha wa jipu akautazama kwa hadubini. Akaona vijidudu vya mviringo vimeshikana kama kichala cha zabibu. Mwaka 1882 akaviita stafilokoka, jina linalotokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu. Kumbe jipu lina mdudu wake! Na watu wengi wanatembea naye puani na kwenye ngozi bila shida yoyote. Ngozi nzima ni ukuta, na jasho na mafuta yake yana uchachu ambao vijidudu vingi haviupendi. Mdudu anangoja ufa tu: mkwaruzo, mwiba, upele uliokunwa.

Akipita ukuta anakutana na nani? Mwaka huohuo wa 1882, Elie Metchnikoff, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ukraine, alikuwa Messina, Italia. Alichoma miiba ya waridi kwenye vichanga vya kiti cha pweza, mnyama wa baharini. Kesho yake akakuta chembe hai zimeuzingira mwiba. Akasema mwili una askari wanaomeza adui. Kwetu binadamu askari hao ni chembe nyeupe za damu. Basi usaha kwa sehemu kubwa ni askari waliokufa vitani. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta somo lingine. Madaktari walimwaga dawa kali kwenye vidonda vya wanajeshi. Alexander Fleming, akiwa Boulogne, Ufaransa, alionyesha kwamba kwenye kidonda kirefu dawa hizo ziliua chembe nyeupe, huku vijidudu vimejificha kwenye mashimo ya nyama. Yaani walikuwa wanawaua askari wao wenyewe. Sasa fikiria mtu anayeweka maji ya betri kwenye kidonda cha mtoto.

Fleming huyohuyo aligundua penisilini mwaka 1928. Februari 1941 huko Oxford, polisi mmoja, Albert Alexander, aliyeoza uso kwa vijidudu hivi, alichomwa sindano za dawa hiyo. Akaanza kupona, akala chakula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno, mpaka wakawa wanaitoa kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi akafariki.

Yeye alikufa kwa kukosa dawa. Sisi dawa tunapewa, siku ya pili maumivu yakipungua tunaacha, vilivyobaki tunamwekea mdogo wetu. Fleming alionya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu inawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Kabla miaka ya 1940 haijaisha, hospitali zilishaona stafilokoka wasiosikia penisilini.

Kwa hiyo ndugu zangu: osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike. Usikamue jipu, hasa la usoni. Msichangie taulo wala wembe. Ukipewa dozi, imalize. Wekundu ukisambaa, homa ikipanda, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga, nenda zahanati leoleo, usingoje kesho.

Na nyinyi kaka na dada wa mashirika mnaotusoma: mgao ukipunguzwa, sabuni msianze nayo. Askari wetu wa ndani tunao tayari. Tunachoomba ni kitu cha kulinda ukuta.