Wazee Wetu Kando ya Ziwa Tanganyika

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za Mapadre, za Masista, za walimu na za majengo yaliyojengwa kwa jasho la wengi. Habari hizo ni njema. Lakini iko habari nyingine isiyochorwa juu ya jiwe lolote la msingi, nayo ni habari ya wazee: nani aliwalisha nguvu zilipowaishia, nani aliwatekea maji, nani aliwazika. Twataka kuieleza kwa kifupi, maana katika miaka hii yote jambo moja limerudi mara kwa mara. Kila vijana walipoondoshwa, au walipoondoka wenyewe, wazee ndio walioteseka. Na dawa iliyofaa ilikuwa kuwapatia tena watu wa nyumbani.

Zamani, kabla misafara ya biashara haijafika, mtunzaji wa mzee hakutafutwa. Huko Buha watu walikaa milimani, nyumba mbalimbali, kila ukoo kwa upande wake. Kando ya ziwa Wajiji walilima na kuvua. Mzee alikaa kwake, na wana na wajukuu walimzunguka. Mjukuu alichota maji na kuokota kuni, na mkaza mwana alipika. Mzee naye aliamua magomvi, akaonyesha mipaka ya mashamba, akatengeneza nyavu zilizochanika. Alipewa, naye alitoa. Ndiyo maana ya kusema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Tusidhani kwamba siku zile hazikuwa na taabu. Njaa ilikuwako, na mzee asiye na mtoto alikuwa mnyonge. Walakini mwenye watu hakuuogopa uzee.

Kisha ikaja biashara ya watumwa. Ujiji ukawa mji mkubwa wa misafara, na njia ya kuvukia kwenda Manyema. Wafanyi biashara walitaka vijana, wanawake na watoto; mzee hakuwa na bei. Kijiji kilipovamiwa, wenye nguvu walifungwa wakaondoshwa, na wazee wakabaki penye majivu, bila mtu wa kuwashika mkono. Minyororo twaikumbuka sana. Hao walioachwa nyuma tumewasahau.

Wamisionari wa Shirika la London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafika mwezi wa Januari 1879. Mwaka 1885 Mapadre walipokea ngome ya Karema, kusini kwetu kando ya ziwa hili hili, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji. Huko walikusanyika watu waliokombolewa utumwani, watu wasio na baba wala mjomba. Wakapewa mashamba, wakaoana, wakawa majirani. Na aliyemsimamia mwenziwe katika ubatizo akawa ndugu yake. Hivyo wasio na ukoo walianza ukoo mpya, wakapata mahali pa kuzeekea.

Katika watu wa Karema hatuwezi kumwacha Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, mbali sana huko magharibi ya Afrika, akaibwa angali mtoto. Mapadre wakamkomboa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hapo alikuwa mganga na mwalimu wa dini hata alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka zaidi ya 65. Mtu huyu hakujaliwa kuwatunza wazazi wake mwenyewe, maana alinyang'anywa kwao. Akawatunza wazazi wa watu wengine maisha yake yote. Naye alizeeka katikati ya watu aliowatibu.

Mwezi wa Februari 1914 reli ilifika Kigoma, na biashara ya Ujiji ikaanza kuhamia huko. Siku za Waingereza kodi ilidaiwa kila mwaka, na fedha ilikuwa katika mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chama chao cha kuandika wafanya kazi, SILABU, na vijana wa Buha wakapanda gari la moshi kwa wingi. Ndio walioitwa manamba. Wengine walirudi na nguo na fedha, wengine hawakurudi kabisa. Fedha ililipa kodi. Lakini fedha haipandi juu ya paa kuezeka nyumba, wala haimgeuzi mgonjwa kitandani. Kazi hiyo yote iliwaangukia wanawake waliobaki.

Vikariati ya Kigoma iliundwa mwaka 1946, ikawa jimbo mwaka 1953. Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa kutoka milimani wakae katika vijiji. Shule na zahanati zikawa karibu, jambo jema kwa mzee mgonjwa; lakini aliacha shamba alilolizoea na makaburi ya wazee wake. Tangu mwaka huo huo wakimbizi wa Burundi waliingia mkoani mwetu, na mwaka 1996 wa Kongo wakapokelewa Nyarugusu. Kati yao walikuwamo wazee waliopotezana na watoto wao njiani, nao walihitaji jirani wa kuwapokelea chakula na kuwachotea maji.

Serikali nayo ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Kwa sera hiyo, mtu akitimiza miaka 60 ahesabiwa kuwa mzee, na asiyejiweza apaswa kutibiwa bila malipo. Yako pia makazi ya wazee huko Kibirizi, na hospitali za Maweni na Kabanga. Hayo yote ni msaada mkubwa, lakini hayawezi kushika mahali pa nyumba.

Basi, wenye nyumba na walimu, tufanyeje? Kwanza, kazi ya kumtunza mzee igawanywe. Aliye mbali alete fedha, aliye karibu alete mikono. Binti mmoja asiachiwe mzigo wote hata yeye mwenyewe akaugua. Pili, mzee aulizwe neno lake, asipangiwe kama mtoto. Tatu, tusiuite kila udhaifu uzee tu. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa kupasuliwa, na kipofu akaona tena. Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongoni.

Nne, nalo ni zito kupita yote: katika nchi yetu mabibi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa jiko walilopikia watoto wao miaka mingi. Hata kusahau majina na kutangatanga usiku ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi. Mwalimu na alifundishe neno hili darasani, na mzee wa kanisa alirudie penye mkutano, maana ukimya wetu huweza kumwua mtu.

Jubilei ni siku ya kushukuru. Tunapohesabu miaka, twende pia nyumba kwa nyumba tukawahesabu wazee wa kila kigango, tuandike ni nani anayekaa peke yake, na nani atakayempelekea maji kesho asubuhi.