Hoi bin Taabani

Kule Macalder, kaunti ya Migori, mchimbaji anayetoka shimoni jioni, vumbi la mawe hadi kwenye kope, haulizwi kama amechoka. Mwenyewe atasema "aol" kwa Kijaluo, kisha atafute pa kukaa. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wangali wanateremka kwa kamba, wanapandisha magunia, wanasaga mawe na kuunasa unga wa dhahabu kwa zebaki.

Kiswahili kina jina la hali hiyo: hoi bin taabani.

"Taabu" imetoka kwenye Kiarabu, na kwa Waarabu asili yake ni uchovu. Ilipofika pwani yetu ikapanuka, ikawa shida yoyote ile, hata ya karo. Lakini "taabani" haina -ni ya mahali, kama ile ya shimoni; nayo imetoka kwenye Kiarabu, "taʿbān", yaani aliyechoka, na humo uchovu ulibaki. "Bin" nayo imeazimwa kwenye nasaba, kana kwamba Hoi ni mtoto wa Mzee Taabani. Utani mtamu huo.

Mwingereza aliyechoka hivyo husema yu "knackered". Knacker alikuwa mnunuzi wa farasi wakongwe, waliochinjwa wapatikane ngozi na kwato. Neno kali kuliko letu.

Watangazaji wa mpira hulimwaga neno hili letu kwa timu yoyote iliyofungwa mabao mawili. Jamani, tuwaachie waliochoka kweli.